Kabla hujamlaumu funza wa mabua, vuta jani unuse

Januari, mtama wa Kongwa ukiwa na majani matano au sita, mzee mmoja alinipeleka hadi katikati ya shamba lake. Miche ilikuwa ya kijani pembeni, lakini jani la katikati limekauka kama lililobabuliwa na moto. "Funza huyo," akasema, "na dawa nimeshanunua." Nikamwomba avute jani moja kavu. Likachomoka bila ubishi. "Sasa mzee, nusa pale chini." Akakunja uso, maana palikuwa pananuka uozo. Aliyefanya kazi ile hakuwa funza wa mabua, alikuwa inzi.

Tumezoea kumwona inzi kuwa mdudu wa jikoni na chooni. Lakini familia ya inzi wa nyumbani, Muscidae, ina zaidi ya spishi 5,000 zilizopewa majina, na nyingi kati yake hazina habari kabisa na chakula chetu mezani. Mimi nashughulika na jenasi moja tu, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, Atherigona, yenye spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa za Afrika na Asia ya joto. Huyu wa mtama ni Atherigona soccata, aliyepewa jina na Camillo Rondani, mtaalamu wa wadudu wa Italia, mwaka 1871. Ana milimita 4 hivi, mgongo wa kijivu, tumbo la manjano lenye madoa meusi. Akitua kwenye jani unampita bila kumwona.

Jike hutaga yai jeupe, jembamba, upande wa chini wa jani, kwa kawaida moja moja, mche ukiwa na umri kati ya wiki moja na nne tangu kuota. Baada ya siku mbili hivi, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, buu huangua. Kinachofuata ndicho kilichonifanya niwapende wadudu hawa. Buu hana miguu, na mwili wake hauonekani vizuri bila lenzi, lakini lazima atambae juu ya jani, aingie kwenye majani machanga yaliyojikunja, ateremke mpaka kwenye kitovu cha ukuaji, pale majani mapya yanapoanzia. Safari hiyo huifanya kwa msaada wa unyevu ulio juu ya lile jani changa la katikati. Pakiwa pakavu, wengi hufia njiani. Ndiyo maana mbegu za mtama zenye majani ya kung'aa, yasiyoshika maji sana, na zenye vinyweleo upande wa chini wa jani, hushambuliwa kidogo. Wataalamu wa mbegu wamekuwa wakizitumia sifa hizo kwa miongo kadhaa.

Akifika chini, hukata kitovu, kisha hula tishu zinazooza. Kwa hiyo siku unapoliona jani limekauka, kazi imekwisha. Dawa unayopuliza juu haiurudishi mche ule. Funza wa mabua ni mtoto wa nondo: ana kichwa cha kahawia na miguu, na huacha majani yenye matundu na kinyesi kama unga wa mbao. Buu wa inzi hana kichwa cha kuonekana wala mguu hata mmoja.

Kumtambua inzi mwenyewe ni kazi nyingine. Mtego wa unga wa samaki huwavuta kwa wingi, lakini karibu wote ni majike, na majike wa Atherigona wanafanana mno. Dume ndiye anayejitaja: nyuma ya tumbo ana kiungo kidogo chenye ncha tatu, na umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi. Isitoshe, wengi kwenye mtego hawana kosa lolote kwa mtama. Atherigona orientalis, kwa mfano, hukulia sana kwenye matunda yaliyooza na kinyesi. Kwa hiyo siuamini mtego peke yake. Nachukua miche yenye jani kavu, naiweka kwenye chupa yenye mchanga wa majimaji, nafunga mdomo kwa kitambaa, nasubiri wiki mbili au tatu. Dume akitoka humo, namweka chini ya hadubini, na hapo naandika jina bila wasiwasi.

Wapo pia binamu zao wa familia ya Anthomyiidae, ambao mabuu ya wengi wao hula mizizi, mbegu na machipukizi. Delia arambourgi hushambulia shayiri katika nyanda za juu za Ethiopia na Kenya.

Mzee aliniuliza afanye nini sasa. Nilimwambia asipulize ile dawa. Wakati wa kupunguza miche aing'oe yote yenye jani kavu na kuichoma, maana mabuu bado wamo ndani. Ila ile iliyotoa machipukizi pembeni, aiache kama mvua inaendelea. Na msimu ujao apande pamoja na majirani, mvua za kwanza tu, kwa sababu inzi wanaozaliana kwenye mashamba ya mwanzo ndio wanaohamia kwa aliyechelewa. Shamba lake lilikuwa la mwisho kupandwa upande ule wa bonde.