Wiski ya pipa la sheri, usiihukumu kwa rangi

Watu wengi wakiona wiski iliyolazwa kwenye pipa lililokuwa na sheri, ule mvinyo mkali wa Hispania, ikiwa nyeusi kama chai ya rangi iliyozidi majani wanasema hii ndo yenyewe, na mimi hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi. Sheria ya Scotch, yaani wiski ya Uskoti, ya 2009 inaruhusu kutia rangi ya karameli, na hata kama haijatiwa, weusi unakwambia tu habari za pipa, kwamba halijatumika sana au ni mwaloni wa Ulaya, ambao una ukakasi kuliko ule wa Marekani.

Na hayo mapipa siku hizi siyo yale ya wazee. Zamani sheri ilisafirishwa na pipa lake toka Jerez, mji wa Hispania inakotengenezwa, mpaka Uingereza, likishamwagwa watu wa wiski wanalibeba kwa bei chee, lakini tangu miaka ya 1980 sheri inafungwa chupani hukohuko Hispania, kwahiyo sasa pipa linaagizwa kabisa, lita kama 500, linajazwa oloroso, sheri moja nyeusi, mwaka au miwili ili mbao zinywe, na ule mvinyo mara nyingi unaishia kuwa siki!

Sasa kuonja. Aberlour A'bunadh, wiski moja ya pipa la sheri, ina kilevi karibu asilimia 60, ukiingiza pua yote kwenye glasi imekufa ganzi, we nusa kwa mbali mdomo wazi kidogo, onja, ndo utie maji matone machache. Zabibu kavu, tende, ganda la chungwa, karafuu, hivyo vyote ni vya pipa, sivipi maksi za ziada. Mimi naulizia ladha ya shayiri, nafaka yenyewe ya wiski, iko wapi? Kiwanda cha Glenfarclas wanachemsha kwa moto wa moja kwa moja chini ya mtungi, pombe inatoka nzito ina mwili, sheri haiwezi kuifunika. Pombe nyepesi ukiifungia miaka mingi kwenye pipa kali unakunywa mbao tu, ulimi unakauka, na bei ndo hiyo imeshapaa.

Kitu kingine ni kiberiti, yaani salfa, maana mapipa ya mvinyo huwa yanafukizwa salfa yasiharibike. Ikibaki kidogo inaleta ladha fulani ya mchuzi wa nyama, mi naipenda, kuna wengine hata hawaisikii. Ukikuta harufu ya njiti iliyowashwa usimwage, iache glasi dakika 10 hivi, mara nyingi inapungua. Ikiwa ni mpira ulioungua na bado upo, nakata maksi bila huruma hata chupa iwe ya miaka 25.