Reli ya Kusini: tuulize pia mzigo utapakiwa wapi

Mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma, jumla takribani kilomita 1,000, ukitajwa mkutanoni swali la kwanza huwa ni lini itajengwa. Ni swali la haki. Kwa sisi wa mipango ya usafirishaji lipo jingine, nalo ndilo litakaloamua kama reli hiyo itapunguza maroli barabarani: mzigo utapakiwa wapi?

Treni haifiki kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Korosho za Tandahimba au Liwale zitatoka ghalani kwa roli hadi kituoni, zishushwe, zipakiwe kwenye behewa, kisha zishushwe tena bandarini. Kila hatua ina vibarua, muda na magunia yanayochanika. Kituo kikiwa mbali, au uwanja ukiwa finyu, gharama hizo humaliza unafuu wote wa treni, na mwenye mzigo atamwambia dereva anyooshe hadi Mtwara. Hapo hawezi kulaumiwa, amepiga hesabu.

Makaa ya mawe hesabu yake ni nyingine. Yanatoka Ngaka, Mbinga, na kupita Songea, Tunduru na Masasi kwa maroli hadi Bandari ya Mtwara, mamia ya kilomita. Tuchukulie treni ya mabehewa 40, kila moja tani 60. Hizo ni tani 2,400, sawa na maroli 80 ya tani 30. Na barabara inapumua. Uharibifu wa lami hupanda kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu), kwa hiyo ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huumiza lami kama mara mbili ya kawaida. Mizani inasaidia, ila hata roli lenye uzito halali huichosha barabara likipita kila siku.

Kusini tuliwahi kuwa na reli. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulivunjika mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Reli ikitegemea mzigo mmoja hufa nao, ndiyo maana nasisitiza kituo kisipangwe kwa korosho pekee, ambazo huanza kuuzwa Oktoba na kwisha baada ya miezi michache. Kipokee ufuta na mbaazi zinazoshuka, na salfa, mbolea na saruji zinazopanda. Behewa linalorudi tupu, gharama yake hubebwa na mzigo wa kwenda.

Kwa maoni yangu Masasi ifikiriwe kwanza. Barabara za Newala, Nachingwea, Tunduru na pwani zinakutana pale, na kwa kupitia Mangaka unafika Daraja la Umoja, mpakani na Msumbiji. Lakini treni niliyoitaja ina urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Uwanja wake unatakiwa uwe tambarare na ulionyooka, wenye nafasi ya maghala, ya kugeuzia maroli na ya kuyaegesha yakisubiri zamu. Bandari kavu (kituo cha mizigo ya bandari kilicho mbali na bahari) ya Kwala, Pwani, iliyozinduliwa Julai 2025, iliwekwa nje ya Dar es Salaam kwenye eneo pana la namna hiyo. Viwanja vikishapimwa na nyumba kusimama, eneo kama hilo halipatikani tena ila kwa kubomolea watu.

Kutenga ardhi mapema kusigeuke kumzuia mkulima kuendeleza shamba lake miaka nenda rudi bila malipo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kwa hiyo halmashauri inapoleta mpango wa matumizi ya ardhi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi waombe ramani ibandikwe ukutani, waulize eneo la kituo linaanzia na kuishia wapi, nani atathaminisha mikorosho iliyomo, na malipo yatafanyika kabla au baada ya kuhama.