Foleni ya Logi Ikijaa: Tahadhari kwa Wasimamizi wa Seva

Kampuni nyingi Nairobi hutuma logi (kumbukumbu za matukio) za seva zao kwenye seva moja kuu iliyo jengo jingine. Wachimbaji wa barabara wakikata faiba, njia hiyo hufungwa, na msimamizi hudhani hasara ni logi chache tu. Kumbe mpangilio mmoja wa rsyslog, programu inayopokea logi na kuzipanga foleni hadi zitumwe, waweza kuigandisha hata seva isiyo na kasoro yoyote.

Mpangilio wenyewe ni queue.timeoutEnqueue. Huo ndio unaoamua ujumbe mpya ungoje muda gani foleni ikiwa imejaa, kabla haujatupwa. Usipouandika, ni 2000, yaani sekunde 2, maana hesabu yake ni ya milisekunde. Sasa mtu akishapoteza logi mara moja, huona dawa ni kuongeza: anaweka 60000. Siku foleni itakapojaa, kila ujumbe utangoja dakika nzima, na nyuma yake programu zinazoandika kwenye /dev/log, mlango wa kupokelea logi ndani ya seva, zitasimama pia. sshd (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) na sudo (ya kutumia mamlaka ya msimamizi) ni miongoni mwazo. Unaandika nywila, unabonyeza Enter, kimya. Ni kama askari wa geti aliyeamriwa asifungue mpaka mgeni aandikwe kitabuni, na kitabu kimejaa: hata mwenye jengo atalala nje.

Pale systemd-journald, huduma ya logi ya Linux yenyewe, inapopokea ujumbe kwanza kabla ya rsyslog, makali hupungua, ingawa logi zaweza kupotea bado.

Wapo pia wanaoandika 0 wakidhani maana yake ni kungoja bila kikomo. Katika rsyslog, 0 ni kutupa papo hapo. Kwa logi zisizo na uzito sioni ubaya, hata ningeishauri. Kwa logi za walioingia kwenye mfumo wenye taarifa za wateja, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ufahamu uvujaji wenye hatari kwa wahusika uwe umemwarifu Kamishna wa Data. Utamweleza nini bila logi?

Kucheza na muda wa kungoja hakutibu ugonjwa. Ipe kazi ya kutuma logi foleni yake yenyewe, inayomwagikia kwenye diski:

action(type="omfwd" target="10.0.5.20" port="514" protocol="tcp"
  action.resumeRetryCount="-1"
  queue.type="LinkedList" queue.filename="logi_kuu"
  queue.maxDiskSpace="2g" queue.saveOnShutdown="on")

Hiyo -1 huiambia rsyslog ijaribu tena bila kuchoka. Ukiinakili peke yake bila mistari ya foleni iliyo chini yake, umejitegea mtego: seva kuu ikizimika, foleni kuu ya mashine yako ndiyo itakayokwama. Nayo queue.maxDiskSpace usiiache, la sivyo utaokoa logi na kujaza diski.

Kagua faili kwa rsyslogd -N1 kabla ya kuwasha upya. Kisha, kwenye seva ya majaribio, acha dirisha moja la root (msimamizi mkuu) likiwa wazi, ziba njia ya seva kuu kwa ukuta-moto, mwaga ujumbe kwa amri ya logger hadi foleni ijae, ujaribu kuingia kwa dirisha la pili. Washa pia impstats, moduli ya takwimu za rsyslog, uangalie hesabu ya discarded.full: ikipanda, kuna ujumbe unaotupwa, hata kama hakuna aliyelalamika.