Usilifagilie kangaga

Wiki jana mteja wangu wa Nyali, Mombasa, alinipigia simu. "Kaka, makangaga yangu yameingia ukurutu!" Akanitumia picha ya upande wa chini wa jani: madoa ya kahawia yamejipanga kandokando ya mshipa, na upande wa juu yametuna kama chunusi. Keshayapulizia dawa ya wadudu mara mbili, masikini. Ukurutu wenyewe ndio uzazi. Kangaga, fern kwa Kiingereza, halina ua wala mbegu. Lina vumbi tu, linalotoka kwenye madoa yale.

Kangaga la mteja huyu ni Microsorum scolopendria, mwenyeji wa pwani hii, kijani mwaka mzima. Shina lake hutambaa juu ya matumbawe na magome ya miti, basi usilizike. Lilaze juu ya udongo, lifunge kwa kamba ya makumbi mpaka lishike.

Ugonjwa niliuona pembeni mwa picha: chini ya mwembe pamefagiwa hadi panang'aa. Najua, kwetu uwanja usiofagiwa asubuhi ni aibu ya nyumba nzima. Lakini majani makavu ndiyo chakula cha kangaga, na ndiyo shuka lake. Mchanga wetu hauweki maji. Ukimwagia asubuhi, adhuhuri pakavu. Tazama Haller Park kule Bamburi. Yalikuwa machimbo matupu ya mawe ya saruji. Mivinje ikaanza kupandwa 1971, kisha jongoo wakayatafuna majani yake yaliyodondoka, udongo ukarudi. Mimi huacha majani yafikie kina cha kiganja, nikachanganya na makumbi yaliyochambuliwa.

Kivuli peke yake hakitoshi. Kaskazi ikivuma Januari, ncha hukauka hata chini ya mwembe, kwa hivyo tafuta ukuta wa kulikinga. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huunguza kingo. Nina pipa la maji ya mvua, la makangaga tu. Mke wangu hunicheka. Kangaga linalostahimili chumvi ni Acrostichum aureum, lile la mikokoni, ila hutaka tope daima na humpita mtu kimo.

Panda masika yakianza. Mche omba kwa jirani au nunua kitaluni. Msitu wa Shimba Hills na kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, usiguse.

Yule dada nilimwambia aache dawa, aache na ufagio. Kimya kidogo, kisha: "Na mama mkwe akija Ijumaa?"

Afagie baraza.