Bei elekezi si bei kikomo: wanayoyaamini wawindaji wa bourbon

Simu ya kwanza huita kabla sijamaliza kuhesabu chenji za droo. "Blanton's mmepata?" Anaulizia chupa ya bourbon, wiski ya Marekani ya mahindi. Nikisema hapana, simu inakatwa hapohapo. Siku lori la msambazaji linapopita, simu za aina hiyo hufika hata ishirini kabla ya saa sita mchana. Wengine hawapigi kabisa: wanalifuata lori lenyewe kwa gari, duka hadi duka.

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiuza pombe kali hapa Lexington, Kentucky, na nusu ya kazi ni kubishana. Wanaonibishia si wakorofi. Wengi wameshika jambo lenye chembe ya ukweli, wakalivuta mpaka likapinda. Nitayaeleza yale ninayoyasikia kila wiki.

"Bei ya kiwanda ni dola 70, mbona wewe umebandika 130?"

Anayeuliza hivi huwa amenyoosha simu usoni mwangu, na kwenye kioo pana orodha ya bei. Orodha ni ya kweli. Kiwanda cha Buffalo Trace, kilichopo Frankfort, kama nusu saa kwa gari kutoka kwetu, hutangaza bei inazopendekeza. Mwaka 2021 bourbon yake iitwayo Pappy Van Winkle, iliyokaa pipani miaka 15, ilipendekezwa dola 119.99, ya miaka 20 dola 199.99, ya miaka 23 dola 299.99. Shida ipo kwenye hilo neno "pendekeza".

Aliyekulia Tanzania hahitaji somo refu hapa. EWURA ikitangaza bei kikomo ya petroli, kituo kikizidisha hata shilingi kumi kimejitafutia faini. Bei elekezi ni kitu kingine: ni ushauri, na mfanyabiashara anaweza kuusikia au asiusikie. Bei ya chupa ni elekezi. Tena kiwanda hakina mkono wa kunifikia, maana tangu marufuku ya pombe ilipofutwa Desemba 1933, biashara hii ya Marekani imepangwa kwa ngazi tatu. Mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka, mwenye duka humuuzia mnywaji. Kiwanda kinaweza kukunja uso kikiona bei yangu, basi.

Lakini si kila jimbo liko hivyo, na hapa ndipo mwindaji huchanganyikiwa. Majimbo 17, yakiwemo Ohio, Virginia, Pennsylvania na Oregon, serikali yenyewe ndiyo muuzaji wa jumla wa pombe kali, na kwingine ndiyo inayouza hata rejareja. Ukitoka Covington, upande wetu wa Kentucky, ukavuka daraja la mto Ohio kuingia Cincinnati, chupa ileile ina bei ya serikali, moja kwa jimbo zima. Mwendo wa dakika tano umekuhamisha kutoka bei elekezi hadi bei iliyofungwa.

"Basi huko kwa serikali ndiko peponi"

Bei ni nzuri kweli. Kinachobaki ni kuipata hiyo chupa. Pennsylvania na Virginia huendesha bahati nasibu: unajiandikisha, unasubiri, na ukishinda hujashinda chupa, umeshinda ruhusa ya kuinunua. Maelfu wanajiandikisha, wachache wanaitwa.

Na bei ikibanwa, mambo hupenyea kwingine. Mwaka 2022 Virginia iliwafikisha mahakamani watu wawili, mmoja akiwa mfanyakazi wa zamani wa mamlaka ya pombe ya jimbo, kwa kuuza taarifa za ndani: duka gani litapokea chupa adimu, na siku gani. Mwaka uliofuata likaibuka la Oregon, ambako maofisa wa juu wa tume ya pombe walikutwa wamejitengea chupa, Pappy ikiwamo. Walizilipia bei halali, ile ya serikali. Kosa lilikuwa kwamba hazikufika rafuni kwa mwananchi. Mkurugenzi akajiuzulu. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu. Kumbe hata Oregon kuna mambo ya kujuana.

"Mnazo, mmezificha stoo"

Hili mara nyingine ni kweli, nakiri. Ila hiyo stoo haina hazina unayoiwazia. Mwezi ukiwa mzuri tunapata katoni moja ya Blanton's, yenye chupa sita. Mji una watu zaidi ya laki tatu.

Msambazaji hutoa kwa mgao, neno ambalo mtu aliyewahi kuishi Dar na umeme wa zamu analijua tumboni. Mgao nao unafuata mauzo: duka linalomtolea vodka na tequila zake kwa wingi ndilo linalokumbukwa. Sheria ya shirikisho ya 1935 inamkataza kumwambia mwenye duka "chukua katoni kumi za hii ndipo nikupe moja ya ile". Haimkatazi kukumbuka mteja wake mzuri ni nani.

Na sisi tunafanya vilevile. Kumbuka sukari inapoadimika mtaani. Mangi akipata kiroba kimoja, hampi mpita njia aliyeshuka kwenye bodaboda; anamwekea mama anayechukua unga na mafuta kwake kila jioni. Kwa chupa zangu sita huwapigia simu watu sita ambao wananunua divai, bia na barafu hapa mwaka mzima. Anayekuja mara moja akiulizia Blanton's tu, halafu akaondoka mikono mitupu bila kununua hata soda, hayumo kwenye daftari. Ukiita upendeleo sitabisha.

"Ghali ndiyo tamu, na yenye miaka mingi ndiyo tamu zaidi"

Kuna mzee mmoja wa Bukavu. Lexington hii ina Wakongo wengi, na kuna siku naongea Kiswahili dukani kuliko Kiingereza. Alikuja na picha ya Pappy kwenye simu. "Dada, patron wangu anaenda pensheni. Benzangu banasema nitafute hii. Iko bei gani?" Nikamtajia bei ambayo chupa hiyo huuzwa mikononi mwa walanguzi: ya miaka 23 hupita dola elfu mbili. Akanitazama, akatazama picha. "Inakuja na kiwanja?"

Ukweli ni kwamba bei ile inaeleza uhaba. Pappy ya miaka 23 inayouzwa leo iliingia pipani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati bourbon haina mbele wala nyuma, vijana wanakunywa vodka, na hakuna mwenye kiwanda aliyeota kwamba siku moja watu watalala nje ya duka kwa ajili yake. Waliweka mapipa machache. Sasa hata ukimwaga mabilioni, huwezi kurudi 2002 kujaza mengine.

Umri nao una mahali unapogeuka. Kwa sheria, bourbon lazima ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, si kama wiski ya Uskoti ambayo mara nyingi hulala kwenye pipa lililokwisha kutumika, tena kwenye baridi. Pipa jipya na joto la kiangazi cha Kentucky hufanya kazi kwa pupa. Sukari na vanila ya mti huingia mapema, na ukiiacha mno, mti wenyewe unaanza kutafuna: uchungu, ukavu, kama umelamba mbao. Na kila mwaka sehemu inayeyukia hewani, hivyo pipa la lita 200 lililokaa miaka zaidi ya 20 linaweza kubaki na chini ya nusu. Wapo wajuzi wanaoiweka Pappy ya miaka 15 juu ya ile ya 23, na bei yake ndogo hawakuitaja kama sababu.

Mzee wangu nilimpa Evan Williams yenye lebo nyeupe, chini ya dola 20. Juu yake pameandikwa "Bottled-in-Bond", na hayo si maneno ya matangazo. Ni sheria ya 1897, iliyotungwa wakati wauzaji walipokuwa wakichakachua wiski kwa maji ya tumbaku na rangi. Inataka wiski ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, iliyokaa miaka isiyopungua minne kwenye ghala chini ya usimamizi wa serikali, na kilevi asilimia 50 kamili. Wiki mbili baadaye alirudi kuchukua nyingine, safari hii ya kwake.

"Weller ni Pappy ya maskini"

Zote mbili hutoka Buffalo Trace na zote zinatumia ngano badala ya nafaka iitwayo rai, hadi hapo sawa. Zinatofautiana kwa umri, mahali pipa lilipokaa ghalani, na nani aliyelionja akasema hili liende huku. Kilichotokea ni kwamba watu waliambizana hadithi hiyo kwa nguvu mpaka Weller ya miaka 12, ambayo wenzangu wakongwe dukani wanaikumbuka ikivuta vumbi rafuni, nayo ikaanza kuwindwa. Maskini hana chake tena.

"Bourbon ni ya Kentucky tu"

Hapana. Inatakiwa itengenezwe Marekani, nafaka yake iwe na mahindi asilimia 51 au zaidi. Chupa nyingi zenye majina ya kifahari zina wiski iliyotengenezwa Lawrenceburg, jimbo la Indiana. Soma lebo ya nyuma.

Na bourbon ya Kentucky yenyewe si lazima uiwinde Kentucky. Jina la Blanton's liko mikononi mwa kampuni ya Japani, Takara, na toleo lake la Gold lilikuwa likiuzwa nje tu hadi 2020. Jirani yangu hapa amezunguka kaunti nne akiitafuta, wakati wapo watu wa Ulaya wanaoikuta rafuni bila kupanga foleni.

"Ninunue niweke, itapanda bei na itazidi kunoga"

Kunoga sahau. Wiski ikishatoka pipani imekomaa ilivyokomaa. Chupa uliyoifungia kabatini miaka 10 ina ladha ya siku ile ilipojazwa, mradi uiweke wima, maana ukiilaza kilevi kinakula kizibo.

Kupanda bei, hapo kuna pesa na kuna mashimo. La kwanza, bila leseni, kuuza chupa yako kwa mtu ni kinyume cha sheria karibu kila mahali Marekani. Facebook ilifunga makundi ya kununua na kuuza mwaka 2019. Biashara ikahamia kwenye majina ya mafumbo.

La pili ni feki. Chupa tupu za Pappy zinauzwa mtandaoni, na hakuna anayenunua chupa tupu ili aweke maua. Mwaka 2021 kipindi cha televisheni cha Inside Edition kilinunua bourbon ya E.H. Taylor Four Grain kwa karibu dola 1,000 kwenye duka halali la New York, kikaipeleka Buffalo Trace kupimwa. Iliyomo haikuwa yenyewe. Kama duka lenye leseni liliuziwa, wewe unayekutana na mtu kwenye maegesho ya magari saa mbili usiku una kinga gani? Mteja mmoja aliniletea Blanton's aliyoinunua namna hiyo. Sanamu ya farasi inayokaa juu ya kizibo cha Blanton's ilikuwepo, mpanda farasi alikuwepo, lakini lebo yenye namba ya pipa haikufanana na zile zinazopita mikononi mwangu. Nilimrudishia tu. Uso wake ulinitosha.

Hata chupa ya kweli inaweza kuwa ya wizi. Mwaka 2013 iligundulika kwamba chupa zaidi ya 200 za Pappy zimetoweka Buffalo Trace kwenyewe, na miaka miwili baadaye wakashtakiwa watu tisa, mfanyakazi wa kiwanda akiwa kinara.

"Nitabeba za kupeleka nyumbani"

Swali la kila Desemba, kutoka kwa ndugu wanaosafiri. Shirika la ndege litakuruhusu lita 5 kwenye mzigo kwa pombe ya kilevi kati ya asilimia 24 na 70, katika chupa ambazo hazijafunguliwa. Juu ya 70 hairuhusiwi kabisa, na bourbon iitwayo George T. Stagg miaka fulani imevuka hapo. Ukitua Nairobi au Dar, forodha ya Afrika Mashariki inakusamehe lita moja tu ya pombe kali. Chupa ya Marekani ni mililita 750. Piga hesabu kabla hujanunua ya pili. Posta nayo usiijaribu, inakataza.

"Ukikosa sasa hutaipata tena"

Hili ndilo linalouza kuliko yote, na ndilo linalozeeka haraka. Mwanzoni mwa 2024 maghala ya Kentucky yalikuwa na mapipa zaidi ya milioni 14, katika jimbo lenye watu milioni nne na nusu. Yote hayo yalijazwa wakati wa kelele, na yanakomaa wakati kelele zimepungua. Jim Beam, kampuni kubwa ya bourbon, wametangaza kwamba mitambo yao mikuu ya Clermont haitatengeneza wiski mwaka mzima wa 2026. Bei za walanguzi kwa chupa za kawaida zimekuwa zikishuka, ingawa Pappy bado iko kwenye dunia yake.

Alhamisi iliyopita niliwapigia watu wangu sita. Wawili hawakupokea, mmoja akasema anayo tayari tatu nyumbani, mke ameshaanza kuuliza. Chupa tatu zilizobaki nikaziweka rafuni kwa dola 89 kila moja, mahali pa wazi. Jana nilipokuwa nafuta rafu nilimkuta farasi wa mojawapo ameshika vumbi kidogo, nikampitishia kitambaa na kuendelea na safu ya tequila.