Chumvi ya iodini haina mionzi, jamani

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mama aliyeteremka kutoka Marangu kuja kliniki hapa Moshi na rovu lake. Chumvi ya pakiti ameacha, anatumia ya mawe, "maana ile nyingine ina iodini ya mionzi, daktari." Kaambiwa na jirani ambaye mwanawe alitibiwa tezi ya shingo kwa iodini.

Mama yangu, kila iodini ina protoni 53. Ya kwenye chumvi ina neutroni 74: hiyo ni iodini 127, imetulia, haitoi mionzi leo wala kesho. Ya matibabu, iodini 131, ina neutroni 78. Hizo nne za ziada zinakielemea kiini, kinavunjika, kinatoa mionzi na kugeuka zenoni. Elektroni ni zile zile, kwa hiyo tezi haioni tofauti. Inazinyakua zote mbili. Ndiyo maana tiba inafanya kazi: tezi inajimezea dawa yenyewe.

Na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Kijana yule aliambiwa aache chumvi ya iodini kwa wiki mbili hivi kabla ya dawa, ili tezi iwe na njaa. Ikishashiba 127, hiyo 131 itaingia wapi? Nyumbani ikasimuliwa kwamba chumvi ni mbaya. Sasa mwenye rovu la kukosa iodini anakimbia iodini! Nunua ya pakiti, funika kopo, itie sufuria ikikaribia kuepuliwa, maana moto huipunguza.

Wengine husikia iodini 131 ina "nusu uhai siku 8", yaani hupungua nusu kila siku 8, wakahesabu 16, wakadhani imekwisha. Siku ya 16 inabaki robo, ukiacha ile iliyotoka kwa mkojo.

Na ndizi, nazo zina mionzi? Ndiyo, kidogo: zina potasiamu 40, inayotoa mionzi, kama atomu 12 katika kila 100,000 za potasiamu. Ziada figo huitoa. Kuleni mtori.

Yupo pia mgonjwa wangu, dereva wa watalii Arusha, anayewaambia wageni kwamba fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lilipimwa umri kwa kaboni 14. Kaboni 14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 hivi huna cha kupima. Fuvu lile lina takriban miaka milioni 1.75. Jibu lilitoka kwenye majivu ya volkano, kwa potasiamu 40 iliyokuwa ikigeuka argoni. Ile ile ya kwenye mtori.