Jino halirefuki, ni fizi zimerudi nyuma

Huku Lamu utasikia mtu mzima akisema "meno yangu yamekuwa marefu siku hizi" na watu huchukulia ni uzee tu. Jamani, jino la mtu mzima halikui tena. Kilichotokea ni kwamba ufizi, ile nyama inayoshika jino, umerudi nyuma (meno ya juu unapanda, ya chini unashuka) na sasa mzizi uliokuwa umefunikwa uko nje. Ndo hiyo fizi kurudi nyuma.

Mzizi hauna lile ganda gumu la juu, kwa hivyo ukinywa maji ya barafu ama ukiuma embe bichi unapata ukakasi mpaka unafumba macho, na pia unatoboka haraka.

Sababu kubwa ni mbili na watu huzichanganya. Moja ni ukoga, ule utando mchafu unaonata kwenye meno, usipotolewa unaganda unakuwa kama jiwe chini ya ufizi, fizi zinavimba, zinatoka damu, baadaye hata mfupa unaoshika jino unaliwa. Ya pili ni kinyume chake, kusugua kwa nguvu! Shangazi yangu pale Langoni kila akiona damu alidhani ni uchafu umebaki, basi anaongeza chumvi na mkaa na kusugua kama anayesugua sufuria, kumbe anamaliza ufizi mwenyewe. Na mswaki wa mti pia, ni mzuri na ni sunna, ila ukiwa mkavu na unaupeleka huku na huku kwa nguvu unachuna fizi.

Halafu kuna tumbaku, iwe sigara, ugoro au ile ya kwenye tambuu. Tumbaku inaficha ugonjwa kwa sababu fizi za mvutaji hazitoki damu sana, kwa hivyo mtu anaona yuko sawa hadi jino linaanza kucheza. Na popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa kwenye tambuu, hata bila tumbaku, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walishasema tangu 2004 inaleta saratani, nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wazee wetu wengi wanaipenda. Mwenye sukari isiyodhibitiwa naye fizi zake zinaharibika upesi, na wengine wamezaliwa tu na fizi nyembamba.

Matibabu sasa. Ufizi ukishaondoka haurudi wenyewe, si kwa karafuu si kwa mafuta ya nazi, yeyote anayekuuzia dawa ya kuuotesha anakula pesa zako. Daktari wa meno anakwangua ule ukoga ulioganda mpaka kwenye mizizi, anaweza kupaka floraidi kupunguza ukakasi, na ikiwa mzizi umetoka sana anakata kipande cha nyama kwenye kaakaa anakishona pale palipo wazi.

Kujikinga: mswaki wa dukani chukua ule laini kabisa, uulaze mshazari pale jino linapokutana na ufizi, zungusha polepole dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Damu ikitoka usiache kupiga mswaki, punguza nguvu tu, na ikiendelea wiki 2 nenda ukaangaliwe.

Shangazi alisafishwa, damu ikakata, ufizi haukurudi lakini haujasonga tena. Mswaki wake wa mti bado anao, ila siku hizi anauloweka na kuutafuna mpaka unakuwa laini ndo aguse jino.